Shikilieni Pumzi

...na mahali palipotulia ni wapi, anajiuliza, maana mtaalamu wa afya ya akili aliyealikwa na chuo, kijana nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale, ameshawaambia wahadhiri wote ukumbini wafumbe macho, waweke mkono kifuani na kuwazia mahali palipotulia, vuteni pumzi, walimu wangu, shikilieni, naye amevuta, ameshikilia, na chini ya kiganja moyo unagonga kama mtu aliyefungiwa nje, palipotulia, labda ofisini, ambako meza tatu zimesukumwa ndani ya chumba cha meza moja na karatasi za mitihani zimeziba dirisha, au nyumbani, ambako jana binti yake alisimulia jambo refu la shuleni, naye akamtazama usoni na kutikisa kichwa penye kutikisa, mpaka mtoto akauliza, mama, nimesema nini... toeni taratibu, anasema mtaalamu, msongo mwingi tunautengeneza wenyewe akilini, ahaa, wenyewe, basi ni yeye aliyewaza wanafunzi mpaka wakafurika na kukaa kwenye ngazi, ni yeye aliyejiwazia masomo mawili ya watu walioacha kazi, laiti angelijua angewaza na viti... na mkuu wa idara, ambaye hata watu wakifumbishwa macho hawezi kutulia, anainama kutoka kiti cha nyuma na kumnong'oneza kwamba lile somo la Bwana Kituo itabidi wasaidiane, yeye alishike mpaka mwenzao apone, kusaidiana, neno zuri la watu limetwikwa mizigo mpaka limepinda mgongo, kwani katika idara yao mtu akiugua somo lake huhamia kwa jirani, jirani akianguka huhama yote mawili, na hajaona hata moja lililorudi kwa mwenyewe... Bwana Kituo, jina walilompa wanafunzi kwa ule mtindo wake wa kufundisha, akifika penye ugumu husimama kimya awaache wafikiri, na alipomfundisha yeye kazi alimwambia, usikiogope kimya, mdogo wangu, nacho kinafundisha, na ile Jumatatu aliandika nusu ya mlinganyo ubaoni, akasimama, kalamu mkononi, mgongo kwao, nao watoto wa watu, wenye adabu zao, wakajua ndicho kile kituo chake, wakainama kufikiri, mmoja akajaribu kuumalizia mlinganyo daftarini, mwingine akamkemea mwenzake aliyekohoa, mpaka kipindi kikaisha na darasa lingine likaanza kuingia, ndipo msichana wa mstari wa mbele akamsogelea na kumkuta analia bila sauti, hajui aliko wala alikuwa anafundisha nini... vuteni tena, na wanafunzi hawana lawama, wao walikosea kwa heshima, lakini idara je, wenzake waliokunywa naye chai kila asubuhi, alipoacha kuchangia vikaoni walisema amekomaa, alipoacha utani walisema anaandika kitabu, na yeye mwenyewe, huyu aliyeweka mkono kifuani sasa, ndiye aliyesema la kitabu, alilisema huku akicheka, na hospitalini mke wa mgonjwa hakulia wala hakugomba, alimuuliza tu, wifi, miezi yote hiyo hakuna aliyeona... shikilieni, msitoe bado, na pumzi ya mkuu wa idara iko sikioni tena, ina harufu ya peremende, "Basi nimekuandika ulishike, dada. Wewe nakujua, hulalamiki," kisha kiti chake kinalia, ameshaegemea, ameridhika, kwake jambo limekwisha, kwa sababu aliyenong'onezwa amenyamaza, na kunyamaza kwake kumesomwa, kama kawaida, kuwa ni kukubali, kama binti yake anavyousoma ukimya wake kuwa ni uchovu, kama darasa zima lilivyousoma mgongo wa mtu anayelia likadhani anafundisha, na hasira inampanda taratibu, safi, hasira ambayo hakujua bado anayo, anafumbua macho, anawaona wote, maprofesa na wasaidizi wao, vichwa vimeinama, mikono vifuani, kama watoto wa chekechea saa ya kulala, ukumbi mzima umefumba macho kwa maelekezo ya chuo, anayetetemeka na atetemeke, wa pembeni yake hamwoni, basi hivi ndivyo, wifi, hivi ndivyo ilivyokuwa hakuna aliyeona... shikilieni, anabembeleza mtaalamu, shikilieni bado, lakini yeye ameshageuka kitini, anamtazama mkuu wa idara aliyefumba macho kwa amani kabisa, na pumzi anaitoa kabla hajaambiwa, nayo inatoka na neno, si kwa kelele, kwa sauti ileile anayotumia darasani akitaka wa mstari wa nyuma naye asikie.

"Silishiki."

Shikilieni, anasema mtaalamu.