Laptopu ya Clarisse

Nakutegea, usikimbilie jibu. Ndugu wawili, baba mmoja, koti moja, jina lao limeandikwa mgongoni. Ukimtwika huyu mzigo anatembea. Ukimtwika yule anakaa chini na kuhema. Umeshindwa? Ni laptopu mbili za kampuni moja. Na ile inayohema iko mezani kwangu hapa Murusagamba, sitaki hata kuiona.

Niliuza dume langu la ng'ombe ili mjukuu wangu Clarisse anunuliwe ile yenye nguvu. Anasomea kuchora ramani za majengo, na chuo kimesema wazi: asiyekuwa na mashine ya kuchorea muhula ukianza, anahamishiwa kozi nyingine. Baba yake, mwanangu Leonidasi, akaenda Lusahunga kununua. Akarudi na ile ya bei ndogo, chenji ameifunga kwenye bahasha, anatabasamu kama mtu aliyeniokolea mali.

Clarisse akaiwasha, akaweka programu yake. Nyumba aliyokuwa anachora ikatokea nusu, haina paa, ikaganda. Akazima, akawasha, ikaganda tena. Hakulia. Alifunga mfuniko taratibu akaenda kumenya mihogo, na hapo ndipo hasira zikanipanda.

Leonidasi akajitetea kwamba alionyeshwa zote mbili na nembo ni ileile. Sisi huku jembe tunalichagua kwa muhuri. Ukishauona muhuri, unalipa. Nikamwambia hata jembe hulinunui kabla hujaligonga ukasikia linavyolia. Hii uliigonga wapi? Ulimwambia muuzaji ni ya kuchorea majumba? Akasema alimwambia ni ya binti, ya shule tu.

Ya binti! Kaka yake Aristides alipokwenda chuo alinunuliwa ile kubwa, na mpaka leo anaitumia kutazama mpira.

"Leonidasi, angekuwa Aristides, ungerudi na hii?"

Akasema muuzaji atakubali kubadilisha ikirudi kabla ya Jumamosi. Nikamwambia sijauliza hilo. Akasema mvua imeharibu barabara. Nikasogeza bahasha mbele yake, nikaiweka laptopu juu ya hiyo bahasha, nikakaa. Clarisse akaacha kumenya, kisu mkononi.

"Nakuuliza mimi niliyekuzaa."

Leonidasi akavua kofia. Hakunitazama mimi, alimtazama binti yake.

"Hapana, mama. Aristides ningemnunulia ile nyingine."