Hata Mmoja

Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Munyiva alifundisha aljebra mjini Machakos kwa sentensi moja: namba ikivuka alama ya usawa, inabadilisha ishara. Aliyeuliza kwa nini alijibiwa kwa kiboko.

Leo, kwenye mafunzo ya mtaala mpya, mkufunzi Wagaki, msichana wa rika la bintiye, alimwita mbele.

“Mwalimu, ishara inabadilika kwa nini?”

“Ni sheria.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wagaki akaweka mizani mezani. Upande mmoja viberiti viwili vilivyojazwa maharagwe, na maharagwe matatu pembeni. Upande wa pili maharagwe kumi na moja. Akatoa matatu huku, matatu kule. Mizani haikutikisika.

“Hakuna kilichovuka. Tumetoa sawa pande zote.”

Maneno hayohayo Munyiva aliwahi kuyasikia. Miaka kumi na mitano iliyopita, Mwangangi wa kidato cha pili, mtoto wa wafuga mbuzi kutoka Mwala, aliyasema mbele ya darasa, maharagwe mkononi. Munyiva alimchapa kwa kujifanya mjuaji, kisha akamwita Profesa Mbuzi kila siku, darasa likicheka, mpaka akaacha shule.

“Umewahi kupata mwanafunzi aliyefikiria hivi?” Wagaki akauliza.

“Sijawahi. Hata mmoja.”

Akarudi kuketi. Mwanamume aliyekuwa akigawa chai akainama kando yake na birika.

“Sukari ngapi, mwalimu?”

“Mbili, Mwangangi. Na usimwage.”