Vitambaa Vyekundu vya Agnès

Agnès alifunga vile vitambaa vyekundu kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomtafuna roho baadaye.

Alikuwa mtafiti wa udongo pale mjini Uvira. Alitaka kulinganisha kuvu wa ardhini katika misitu miwili ya mlimani: ule wa chini, uliochomwa makaa ukabaki vichaka, na ule wa juu, ambao haujaguswa. Kule chini alichimba akapata vumbi tu. Juu, kila konzi ya udongo ilijaa nyuzi za kuvu, nyeupe, za manjano, nyingine hata jina hazina, zimeunganisha mzizi na mzizi. Chifu wa eneo hilo alikuwa ameahidi: aletewe ushahidi wa uhai huo, naye atawazuia wakata miti. Basi Agnès akaifunga vitambaa vyekundu miti aliyochimba chini yake, viwe alama, akashuka na mifuko yake, moyo kwatu.

Aliporudi na majibu ya maabara, msitu wa juu haukuwepo. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu. Mjomba wake Thaddée, aliyemwongoza safari ya kwanza, alikaa kando ya tanuru la makaa, mikono myeusi hadi viwiko.

"Mujomba, nani amefanya hii?"

"Shiye bote, batu ba hapa. Weye ulifunga bitambaa. Huku kwetu, muti iko na kitambaa, iko na mwenyewe. Batu bakasema boss moja ya Uvira ameshauziwa pori muzima. Kila mutu akakimbia akate yake mbele."

"Na weye, mujomba?"

"Na minye. Ningebakia kuangalia?"

Agnès alimchukia, kisha akajichukia zaidi. Siku ile ya kuvifunga, mjomba aliviangalia vile vitambaa kwa jicho la kuuliza, naye, kwa haraka zake, hakumweleza kitu.

"Lakini sikukusahau," Thaddée alisema akiinuka. "Moja nilikuachia."

Mti mmoja ulisimama katikati ya visiki, kitambaa chake kiunoni. Agnès alipiga magoti akachimba. Nyuzi zilikuwepo shinani. Alizifuata kuelekea visiki, zikazidi kukonda, mwisho zikawa unga wa kijivu vidoleni. Mti uliozoea kulishwa na nyuzi hizo pamoja na jirani zake hautavuka kiangazi peke yake.

"Iko muzuri?" mjomba aliuliza akitabasamu.

Agnès alilia bila kujificha. Kisha akakifungua kitambaa.

"Aksanti, mujomba. Ukate na huu. Nao unakufa."

Thaddée akaenda kuchukua shoka.