Mazoezi ya Kukaa

Mwaka jana nilizimia kwenye tamasha la muziki, uwanjani, mbele ya umati wa watu, na mwanangu akashuka jukwaani na tarumbeta lake katikati ya wimbo. Watu walisema jua lilikuwa kali. Niliwaacha waseme, maana ukweli wenyewe ulikuwa wa aibu: nilikuwa nimevaa gauni lenye bitana mbili, vitambaa viwili vya ndani chini ya kile cha nje. Nimeshona nguo miaka thelathini na moja, na fundi gani anatoka mbele za watu na gauni lisilo na bitana? Tena sikuwa nimenywa maji tangu asubuhi, nisije nikaenda chooni nikarudi nikakuta nafasi yangu ina mtu.

Mwaka huu Kitinda, ndivyo tunavyomwita binti yetu wa mwisho, alipewa wimbo mzima aongoze yeye. Alikuja nyumbani akakaa ukingoni mwa meza yangu ya kukatia nguo, macho chini.

"Mama, safari hii baki nyumbani. Baba atakurekodia kwenye simu."

"Nibaki kwa nini? Nimekufa?"

"Nikikuona chini tena nitashuka. Siwezi kuendelea kupiga mama yangu amelala pale. Na nikishuka mara ya pili, hawatanipandisha tena."

Yalinichoma, kwa sababu alisema kweli. Nikamwomba anipe wiki mbili.

Kesho yake saa sita mchana nilitoa kigoda changu uani, nikakaa juani hadi saa kumi. Mume wangu, dereva wa malori aliyestaafu, alikaa kivulini akinihesabia muda. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza namsubiri nani.

"Hamsubiri mtu," mume wangu akajibu. "Yuko mazoezini. Anafanya mazoezi ya kukaa."

Mtaa ukapata cha kuongea. Walicheka, nami nikajifunza. Kiuno kilinisumbua siku mbili, nikakishonea kigoda mto. Niligundua kwamba maji yanywewe funda moja moja, si chupa nzima kwa mkupuo, na kwamba kitambaa kibichi shingoni kinashinda feni. Viatu vipya nikavirudisha kabatini, nikachukua kandambili.

Kazi ngumu ilikuwa gauni. Nilikata pamba nyepesi, nikashona bila bitana. Nilipojitazama kwenye kioo nilijiona kama mtu aliyetoka na nguo ya kulalia, lakini nikapiga moyo konde. Mwisho nikashona kofia ya ukingo mpana, rangi ya chungwa inayowaka. Mume wangu aliuliza kama naenda kusimamisha malori. Nikampelekea Kitinda aione.

"Ukiwa jukwaani itafute hii," nilimwambia. "Ukiiona iko wima, mama yako mzima. Wewe piga."

Siku yenyewe tulifika mapema, tukaketi pembeni, mimi kwenye kigoda changu, karibu na njia ya chooni, nikanywa maji yangu bila woga wowote. Saa tisa Kitinda akapanda. Alitazama huku na huku, akaiona kofia, akainua tarumbeta mdomoni.

Wimbo haujafika mbali, mama mmoja aliyekaa kulia kwangu akaniegemea. Nikamshika mkono wa gauni, na vidole vyangu vikahesabu vyenyewe: kitambaa, bitana, bitana nyingine. Sikuhitaji kuuliza. Mimi na mume wangu tukamlaza kwenye nyasi, nikamfungua vifungo vya shingoni, nikamwekea kitambaa kibichi, na kofia yangu nikamfunika kichwani jua lisimpige.

Tarumbeta likanyamaza.

Ngoma na gitaa ziliendelea, lakini Kitinda alikuwa ameshusha tarumbeta, anaitazama ile rangi ya chungwa pale chini. Mguu mmoja ulikwisha kufika kwenye ngazi ya jukwaa.

Nikapanda juu ya kigoda. Goti langu la kushoto hugombana hata na kizingiti cha mlango.

"Utaanguka wewe," mume wangu akasema.

"Nishike kiuno, unyamaze."

Kumwita kusingefaa, asingenisikia. Nilinyoosha mgongo tu, kichwa wazi, mvi zangu zote hadharani, nikamwinulia mikono. Akaniona. Aliutoa mguu kwenye ngazi, akarudi katikati, akaziacha ngoma zizunguke mara moja, kisha akaingia. Alipiga kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia chumbani kwake, miaka yote ile ya kufanya mazoezi ng'ambo ya ukuta wangu.

"Mama, kaa chini," mwanamume mmoja akalalamika nyuma yangu. "Tunaona mgongo wako tu."

"Huyo ni mwanangu."

Muda kidogo nikahisi yule mwanamume ananishika kiwiko, nisiyumbe.

Yule mama alikuwa ameinuka sasa, anakunywa maji yangu funda moja moja, kofia bado kichwani. Sikushuka mpaka Kitinda alipomaliza, uwanja mzima ukasimama, naye akaninyooshea tarumbeta kutoka kule juu. Nililia, wala sikujificha.

"Wiki mbili za mazoezi ya kukaa," mume wangu akasema, bado amenishika kiuno, "na siku yenyewe umesimama."

"Nimesimama," nikamwambia, "na mwanangu hakushuka."