Harufu ya Sukari Iliyoungua

Vumbi la majira ya baridi, kule Punjab, lina utamu wake. Mikokoteni ya miwa hupita tangu alfajiri ikiisaga njia, na vumbi huinuka, likachanganyika na moshi wa matanuri ya sukari guru, likaingia majumbani bila hodi. Sughra alilipenda vumbi hilo tangu utotoni. Sasa analichukia, na chuki yake ina jina la kaka yake.

Harufu ileile aliikuta katika maabara alimofanya kazi, Lahore, mahali pasipo na muwa hata mmoja: mkojo wa mtoto mchanga ulionuka sukari iliyoungua. Mtoto mwenyewe alikuwa wa kaka yake, Mudassar, na mkewe Naziran. Alizaliwa mzima, akanyonya, akalegea, akafa. Dada wa mtoto huyo alitangulia vivyo hivyo, watu wakasema ni kijicho. Miaka yote Sughra alikuwa akiyatafuta maradhi hayo katika damu za wengine, maradhi yanayoyageuza maziwa ya mama kuwa sumu. Kumbe yalilala kwao.

Akarudi kijijini na habari njema, masikini. Habari njema! Kwamba atakayezaliwa tena atapimwa mapema, atapewa maziwa maalumu, naye ataishi. Na kwa kuwa huko habari za unyumba hupewa mume, alimpandisha Mudassar darini, akamwambia peke yake.

"Kaka, nusu ya kasoro imetoka kwako, nusu kwa Naziran. Ya mmoja peke yake haidhuru mtoto. Nyinyi ni watoto wa ndugu, mmekutana mkiwa nayo wote wawili."

"Kwa hiyo Naziran anayo."

"Na wewe unayo. Hata mimi nimejipima, ninayo."

"Lakini anayo," akasema Mudassar, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Sughra alisema yote, ikachukuliwa nusu.

Ewe ulimi wa ndugu, nani alikufundisha kukata? Kufikia Ijumaa kijiji kizima kilijua kwamba daktari wa Lahore, wifi mtu, amepima akaona damu ya Naziran ni mbovu. Naziran akafungishwa virago, akarudishwa kwao.

Ila Naziran hakuolewa hivi hivi. Aliolewa kwa mabadilishano, binti kwa binti: yeye alikuja kwao Sughra, na Kaniz, mdogo wake Sughra, akaenda kuolewa na Riasat, kaka yake Naziran. Akirudishwa huyu hurudishwa na yule, hata apendwe vipi, hata awe na watoto wanaomng'ang'ania ushungi. Na watoto hubaki kwa baba.

Sughra alimkabili kaka yake uani, mbele ya majirani. "Sema yote niliyokwambia! Sema nusu ni yako!"

"Bibi daktari," Mudassar akacheka, "mume huna, utajua nini habari za watoto?"

Majirani nao wakacheka. Sughra akamgeukia mama yake, aliyekuwa akimenya figili kwenye sinia.

"Mama, siku ile ulikuwa ngazini. Ulisikia."

"Nyamaza, mwanangu. Mwanamume hana damu mbaya. Kaka yako ataoa tena, yaishe."

Alisikia yote, akashuhudia nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Sughra aliona uchungu wa mtu aliyeuzwa na waliomzaa. Kisu kilichomkata Naziran kilikuwa elimu yake, alikinoa mwenyewe kwa miaka, ili kiokoe.

Ndipo vumbi likainuka njiani. Haukuwa mkokoteni wa miwa. Lilikuwa gari la farasi, na juu yake Kaniz, sanduku la bati la harusi yake miguuni, mikono mitupu mapajani. Vumbi limemjaa ushungi, limemjaa nyusi. Sughra akakimbia, akamfungulia mikono.

"Kaniz, mdogo wangu, sikusema hivyo..."

"Watoto waliniuliza ni daktari gani huyo," akasema Kaniz. "Nikashindwa kuwaambia ni mama yao mkubwa."

Akampita, akaingia ndani. Vumbi likatua taratibu juu ya mikono ya Sughra, iliyokuwa bado wazi, likinuka sukari iliyoungua.