Gati Akataa Kutia Dole

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Kenyamonta ilipokuwa ikipimwa viwanja kwa kamba, Kezia alifika mbele ya meza ya katibu akiwa amemshika bintiye mkono, kama kawaida yake. Binti mwenyewe, Gati, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na mpaka leo ukimwuliza jambo hukaa kimya kwanza, kimya kirefu cha kukutoa jasho, ndipo ajibu. Nani alikuwa na subira hiyo? Mama yake hakuwa nayo. Zahanati alimjibia, kanisani alimjibia, na mtu akisema "Hujambo Gati," mama ndiye aliyesema hajambo.

Sasa Kezia aliambiwa ana moyo mbovu, na hofu ikamkaba. Akifa, Gati ataachiwa nani? Akapatana na shemeji yake Waitara, mdogo wa marehemu mumewe: Gati aandikwe chini ya Waitara, yeye na kiwanja chake, Waitara awe msemaji wake maisha yote. Waitara hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila Gati hakuulizwa.

Katibu Telesphory, kijana aliyetoka Bukoba, akamaliza kuandika na kusogeza wino.

"Atie dole."

Kezia akakamata kidole cha mwanawe, akakichovya, akakipeleka kwenye karatasi. Gati akauchomoa mkono kwa nguvu! Kidau kikapinduka, wino ukamwagikia gauni la Kezia mbele ya mkutano mzima.

"Ameshtuka tu," Kezia akasema haraka. "Wino wa baridi."

"Samahani mama, namwuliza mwenyewe," katibu akasema. "Dada Gati, unakataa nini?"

Kezia akafungua mdomo. Katibu akainua kiganja kumzuia. Wakangoja. Wazee wakakohoa, mtu mmoja akacheka, na Kezia akatamani ardhi immeze.

"Nataka kiwanja," Gati akasema. "Jina langu."

Miaka yote hiyo Kezia hakuwahi kulisikia neno "nataka" kinywani mwa mwanawe, na sasa linatoka mbele ya kijiji kizima.

"Ataungua!" akapiga kelele. "Ana kifafa huyu! Ataangukia moto!"

"Nani atakusaidia?" Telesphory akamwuliza Gati, kana kwamba Kezia hayupo.

Kimya tena.

"Kulima, baba mdogo Waitara. Dawa, nesi Honoratha, anieleze polepole. Moto, rafiki yangu Regina. Viwanja vyetu vitapakana."

"Wakiona unakosea?"

"Waniambie. Halafu nitasema mimi."

Katibu akakuna kichwa. Fomu ya wilaya haikuwa na mstari wa mambo hayo. Akaigeuza, na nyuma yake akaandika kwamba mwenye kiwanja ni Gati, na hawa watatu ni wasaidizi wake aliowachagua mwenyewe. Akamwuliza kila mmoja kama anakubali. Waitara akasogea mezani.

"Nakubali," akasema. "Kumbe huyu mtoto ana maneno!"

Gati akatia dole mwenyewe. Likatoka limepinda, lakini lilionekana.

Kezia hakuweza kuvumilia. "Na mimi je? Mimi niliyekuzaa, hunitaji?"

Gati akamtazama mama yake. Kile kimya kikaja. Kezia alikijua tangu zamani, na maneno ya kukijaza alikuwa nayo tayari ulimini: mwanangu amechoka, mwanangu ananipenda, mwanangu hajui anachosema. Akaing'ata kanga yake. Moyo wake mbovu ukampiga kifuani, naye akangoja.

"Wewe huniulizi," Gati akasema.

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Kezia kuliko yote. Alisimama pale na gauni lake la wino, akatafuta swali hata moja alilowahi kumwuliza mwanawe na kungoja jibu lake. Hakulipata.

"Unataka nikusaidie nini?" akamwuliza.

Gati akaanza kufikiri, na safari hii mama yake hakumkatiza.