Mwandiko wa Tarcisio

Darubini kubwa aliyoahidiwa Santina Akwero haikufika Kampala. Alikuwa mhadhiri wa fizikia, shahada yake ameipata ng'ambo kwa kuchunguza nyota zinazofifia na kung'aa tena, na wageni waliokuwa wailete darubini hiyo walikuwa wameondoka nchini siku nyingi. Akabaki na ndogo ya macho mawili, akaifunga juu ya stuli uani kwake Kisugu. Kituo kimoja cha utafiti huko ng'ambo kikampa kazi nyingine: kutazama mabaki ya roketi yanayozunguka dunia, yale yanayoonekana muda mfupi baada ya jua kuzama, na kuandika yamepita karibu na nyota gani, dakika gani, sekunde gani.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, kwa kuwa jicho lililo kwenye darubini haliwezi kusoma saa. Kwa hiyo kaka yake, Tarcisio Otema, sajini wa polisi upande wa redio, alipitia kwake kila jioni akitoka kazini Nakawa. Santina akisema "Sasa," Tarcisio anabonyeza saa, ile ya waamuzi wa mbio, kisha anaandika. Mwandiko wake ulikuwa safi. Wa Santina, hata wanafunzi waliulalamikia. Asubuhi Tarcisio alizipeleka namba posta, zikasafiri kwa telegramu, tarakimu tano tano, bila neno hata moja.

"Siku moja watatuuliza hizi namba ni za nini," Tarcisio alisema.

"Tutawaambia ni za nyota."

"Wewe ndiye utakayewaambia. Mimi nitakuwa nacheka."

Mwaka 1977, mwezi wa pili, Waacholi, kabila la Santina na kaka yake, walianza kuchukuliwa na watu wa serikali kutoka kambini na kwenye laini za polisi, wasirudi. Tarcisio alitaka kumpeleka mkewe na watoto mbali, na yeye mwenyewe ajifiche. Lakini wiki hiyo kulikuwa na ganda la roketi lililokuwa likishuka, karibu lianguke.

"Siku nne tu," Santina alimwambia. "Hakuna mwingine upande huu wa dunia anayeliona."

Tarcisio alimtazama, akavua kofia, akakaa.

Siku ya tatu, jua bado lipo, gari lisilo na namba liliingia uani. Santina alikuwa jikoni akichemsha chai. Kupitia dirishani aliwaona wanaume watatu wamemzunguka Tarcisio, mmoja ameshika karatasi za telegramu.

"Hii mwandiko ya nani?"

"Yangu," Tarcisio akajibu.

"Na namba?"

"Zangu pia."

"Hapa nakaa nani?"

"Dada yangu. Mwalimu tu. Hajui kitu."

Wakamtia ndani ya buti ya gari. Santina alisimama na birika mkononi. Alijiambia atoke, na miguu haikutoka. Gari lilipokwisha kuondoka ndipo alipofika mlangoni.

Mke wa Tarcisio, Kulusum, alikuwa Mnubi wa ukoo wa wanajeshi, na mjomba wake Jafar alikuwa dereva wa ofisa mmoja wa kambi alikopelekwa Tarcisio. Alimwendea siku tatu mfululizo. Jumamosi akaja Kisugu.

"Wifi," alisema, "mjomba anasema wakimpata mwenye namba zenyewe, huenda wakamwachia Tarcisio. Mimi sikuombi."

"Najua. Ngoja nivae viatu."

Ofisa aliwapokea kwa upole. Santina alimweleza yote: kituo, roketi, nyota, kwamba namba zote ni zake yeye. Ofisa akamsukumia karatasi na kalamu.

"Andika hapa. Moja mpaka kumi."

Santina akaandika. Ofisa akaiweka karatasi hiyo kando ya telegramu, akazitazama zote mbili, akatikisa kichwa.

"Mama, hii si mwandiko yako. Na mwanamke nahesabu nyota ya nini? Wewe napenda ndugu yako, naona. Rudi nyumbani."

Alimsihi. Akamwomba ampime, amwulize lolote kuhusu zile namba. Askari akamshika mkono akamtoa.

Nje, Jafar aliwangoja kando ya gari, kofia ameikunja mkononi. "Jina lake limefutwa kwenye kitabu cha mahabusu tangu Alhamisi," alisema. "Wallahi, mimi mwenyewe nimeliona sasa hivi. Msirudi hapa."

Wakatembea mpaka karibu na Kisugu. Kulusum akauliza, "Walipomchukua, ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia yote."

Kulusum alijifunga upya ushungi, polepole sana. "Watoto nitawaambia ulikuwa chuoni," alisema, akakata kona kuelekea kwake.

Mwili wa Tarcisio haukupatikana. Mwezi uliofuata ikaja barua kutoka ng'ambo: ganda lilikuwa limeangukia baharini, na walitaka kujua kwa nini vipimo vya siku mbili za mwisho havikufika. Santina alijibu kwamba mwandishi wake amefariki. Hakuangalia tena roketi. Alirudia nyota zake, akaandika juu yake miaka ishirini, akaheshimika.

Kila Idd Kulusum alimwalika. Watoto wa Tarcisio walimkimbilia mlangoni wakimwita shangazi, wakagombania kukaa karibu naye, wakamtilia nyama kwenye sahani, na yeye akala yote waliyomtilia.